Kicheko Nilichokitafsiri

Mimi ndiye niliyetafsiri. Naanza hapo makusudi, kwa sababu watu wa Kashikishi, huku Zambia kwenye Ziwa Mweru, wakisimulia habari ya Mable humtupia Bwana Mwaba lawama zote, kisha wanakwenda kulala usingizi mzuri. Mwaba alisema, kweli. Lakini upande wa pili wa veranda walikaa wanaume ishirini wasiojua Kibemba, na maneno yake yasingewafikia bila mtu wa kuyabeba. Yalipita mdomoni mwangu.

Naitwa Marlène. Nilizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, nikasoma kwa masista Lubumbashi, nikaolewa Nchelenge na mwanamume ambaye simtaji hapa, maana aliniachia watoto wawili na Kibemba, basi. Mwaka ule Zaire ilipobadili jina nilikuwa tayari mkalimani wa Ushirika wa Ng'ambo Mbili, chama cha wachuuzi wa Zambia na wa Kongo waliokuwa wakiuziana samaki wakavu pale bandarini. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na veranda pana. Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Kingsley Mwaba, na kila mwaka aliniandikia barua ya kuwaonyesha watu wa uhamiaji kwamba nina kazi. Bila barua ile ningerudishwa kwetu.

Mable Kalaba alikuwa mpimaji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, huanikwa mchangani, na mchuuzi mwenye haraka hulifunga gunia wakati juu kumekauka na katikati bado kunatoa jasho. Gunia la namna hiyo likifika Lubumbashi linanuka, na walaji wanaharisha. Wanaume walioshika kazi ile zamani walikuwa wakipiga gunia kwa fimbo mara mbili na kusema sawa. Mable alikunja mkono wa blauzi, akazamisha mkono wote mpaka kwapani, akatoa dagaa wa chini kabisa, akamvunja mmoja karibu na sikio lake. Akisikia mlio, alishona uzi mwekundu kwenye mdomo wa gunia. Asiposikia, alitikisa kichwa, na gunia lilirudi mchangani hata kama mwenyewe ni ndugu yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo, na aliipenda waziwazi, kama mtu anavyopenda nguo ya Pasaka. Nimewaona wanawake wa soko Lubumbashi wakiupapasa uzi ule kabla ya kuuliza bei.

Sasa, Mwaba alikuwa wa ukoo wa Chui na Mable wa ukoo wa Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani. Kwa Kibemba utani huo wanauita bunungwe, na ni jambo zito kuliko linavyosikika. Chui akifiwa, Mbuzi ndio wanaokuja kupika na kuchimba kaburi, na ndio wanaowatania wafiwa mpaka wacheke, ili huzuni isiwakabe koo. Mtani anaweza kukuita mwizi, mlevi, mzinzi, na kila Mbemba aliyepo anajua kwamba ni uongo, kwamba uongo wenyewe ndio heshima. Nilimwona Mable kwenye msiba mmoja wa Chui amevaa koti la Mwaba, anatembea kama yeye, tumbo mbele, akilalamika kwamba chui huyu ameshiba nshima, ule ugali wa kwao, hawezi tena kukamata hata kuku. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mwaba naye alicheka, akajibu, wakaendelea hivyo hadi jua likazama. Siku ile niliwaonea wivu. Kule Lubumbashi tulikuwa watu wa makabila kumi mtaa mmoja, na hakuna aliyejua amtanie nani.

Tatizo ni kwamba Mwaba aliuleta utani ule kwenye mikutano ya Jumatatu.

Kila Jumatatu asubuhi wachuuzi walikusanyika verandani, Wazambia upande wa ofisi, Wakongo upande wa ziwa, mimi katikati. Mwaba aliketi kwenye kiti chenye mikono. Hakuweza kuanza mkutano bila kichekesho, na kichekesho kilikuwa Mable. Matiti ya Mable, makalio ya Mable yanavyoonekana akiinamia gunia, mume wa Mable anavyovuliwa yeye badala ya kuvua samaki. Wazambia walicheka vichwa nyuma, maana walijua ni Chui na Mbuzi. Mimi nilitafsiri, na Wakongo walicheka pia. Nilikuwa hodari, nisijifanye mnyenyekevu. Kichekesho cha Kibemba kikipita kwangu kilitoka kinono zaidi. Ningeeleza, "Hawa ni watani, kwa mila yao wanaruhusiwa," kicheko kingekufa mikononi mwangu, kwa hiyo sikueleza hata siku moja. Nilikipenda kile kicheko. Wanaume ishirini wanacheka vizuri hivyo kwa maneno yako, na wewe ni mwanamke uliyeachwa na viatu vilivyotoboka, unajiona umekuwa mtu.

Lakini niliona jambo moja na nikalinyamazia. Wazambia walipocheka walimtazama Mwaba. Wakongo walipocheka walimtazama Mable, miguuni.

Siku moja baada ya mkutano Mable alimfuata Mwaba mezani. Nilikuwepo, napanga karatasi.

"Ba Mwaba," alisema kwa Kibemba, kwa adabu yote, "msibani nitukane mpaka jioni, nitakujibu. Hapa usinitanie. Hapa hawa watu wananitazama mimi ili wajue kama samaki amekauka."

Mwaba alicheka. "Mtani wangu amekasirika! Bunungwe haina ofisi wala kanisa, Mbuzi. Nijibu tu."

"Nikujibu vipi? Wewe umekaa kwenye kiti cha mkuu."

Alikuwa na haki, na hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Utani unataka midomo miwili. Msibani Mable alikuwa na mdomo kama wake. Verandani Mwaba alikuwa na kiti na Mable alikuwa na sindano na uzi. Mwaba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Aliamini kwamba anawapatanisha watu wa ng'ambo mbili kwa kicheko. Akamgeukia Mable akamwambia mkutano bila kichekesho ni kama samaki bila chumvi, na Mable akatoka nje.

Mwezi wa tano mwaka tisini na nane, Mable alikataa magunia sita ya Zéphirin. Zéphirin alikuwa mchuuzi kutoka Likasi, mwanamume mtanashati, mwepesi wa kuumia. Jumatatu akasimama kulalamika mbele ya wote kwamba samaki wake ni wakavu kabisa, kwamba mpimaji anamwonea. Mwaba akamngoja amalize, kisha akasema kwa Kibemba kwamba Zéphirin asisumbuke, Mbuzi huyu hushona uzi kwenye gunia la mtu aliyelala kwake usiku.

Wazambia wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Chui leo ameuma!" Wakongo wote wakanigeukia.

"Chef anasema," nikasema, na nilisimama ili nisikike vizuri, "Zéphirin, usilie. Mable anashonaka uzi kwa gunia ya mutu mwenye alilala kwake. We ulilala wapi jana?"

Hilo swali la mwisho Mwaba hakulisema. Nililiongeza mimi.

Walicheka mpaka wengine wakasimama. Mable alikuwa kwenye ngazi na daftari lake. Aliinama akaokota sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Mkutano ulipokwisha Zéphirin alinishika mkono pembeni. "Mama Marlène, ile mambo Chef alisema, iko vile kweli?"

"Chef njo alisema," nikamjibu, bado nina kicheko kooni, "si miye."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Zéphirin alikwenda kwa Mable na kitenge kipya cha Kongo kimekunjwa kwapani. Watson, mume wake Mable, alikuwa visiwani kwa wiki nzima akivua. Mable alimtoa Zéphirin mlangoni kwa mwiko wa nshima, mchana kweupe, majirani wakiona. Mwanamume akaondoka barabarani na kitenge chake. Kilichomuuma si kukataliwa, nadhani, bali kule kuamini kwamba kuna wengine wanaokubaliwa.

Akaandika barua, kwa Kifaransa kizuri sana, na wachuuzi tisa wakaitia saini. Ilisema kwamba mpimaji anapendelea wapenzi wake, kwamba jambo hilo linajulikana na watu wote, na kwamba Mkuu mwenyewe alilisema hadharani, tarehe fulani, mbele ya mkutano. Mambo ya barua yalienda polepole, na halmashauri ya ushirika ilikaa mwezi wa tisa. Kufikia hapo vita vilikuwa vimeanza upya ng'ambo. Mitumbwi ilikuwa ikifika imejaa watu na magodoro badala ya mihogo, na watu wa uhamiaji walikuwa wakipita sokoni kuuliza karatasi. Barua yangu ya mwaka ilikuwa mezani kwa Mwaba tangu Ijumaa, haijatiwa saini.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa Bwana Elliot Mpundu, mwalimu mstaafu, mtu wa haki. Alinitaka nisome barua ya Zéphirin kwa Kibemba, nikaisoma. Kisha akamwuliza Mwaba kama kweli aliyasema maneno yale.

"Niliyasema," Mwaba akajibu. "Ni utani. Mimi Chui, yeye Mbuzi." Na Wazambia wote chumbani wakashusha pumzi, wengine wakatabasamu. Jambo lilikuwa limekwisha. Niliona mabega ya Mable yakilegea.

Lakini Mpundu alikuwa mwalimu, hakuacha swali katikati. "Sisi tunajua ni utani. Je, wenzetu wa Kongo walijua?" Akanigeukia. "Ba Marlène, siku ile uliwaeleza kwamba hawa ni watani?"

Nilielewa kila kitu kwa pumzi moja. Nikisema hapana, barua ya Zéphirin inageuka kuwa kosa la wageni waliochukua utani kuwa habari, na Mable anarudi kwenye magunia yake. Na mimi ni mkalimani aliyeharibu kazi mwaka mzima. Nikisema ndiyo, basi Zéphirin alijua ni mzaha tangu mwanzo, na kama bado ameandika, ni lazima ameona jambo jingine. Mwaba alikuwa akinitazama. Alitaka nini sijui, labda hakutaka kitu. Mimi niliona barua yangu tu.

"Niliwaeleza, mukwai," nikasema kwa heshima.

Mpundu akakunja uso. "Mwulize huyu bwana kama alielewa kwamba ulikuwa utani."

Nikamgeukia Zéphirin, nikamwuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Uko na uhakika na ile uliandika?"

"Niko na uhakika," akasema. "Chef alisema, mi nilisikia."

"Anasema alielewa," nikamwambia Mpundu kwa Kibemba, "lakini ana uhakika na alichoandika."

Ndivyo nilivyofanya. Sina namna ya kulisema likawa zuri.

Mable akasimama. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema maneno mengi, akafungua mdomo, na nyuma ya chumba, upande wa Wakongo, mtu akacheka kidogo puani. Si kwa ubaya. Mwaka mzima Mable akisimama mbele ya watu ilikuwa kicheko, walikuwa wamezoea tu. Mwingine akaambukizwa, na wa tatu. Mpundu akagonga meza. Mable alinitazama, muda mrefu kidogo, kisha akaketi.

Walisema anapumzishwa kazi mpaka uchunguzi ukamilike. Hakuna aliyewahi kuchunguza. Mpimaji mpya alikuwa mwanamume na fimbo yake. Barua yangu ilisainiwa siku iliyofuata.

Watson alirudi kutoka visiwani na habari ilikuwa imemtangulia, tena kutoka pande zote mbili za ziwa. Hakumpiga Mable wala hakumfukuza. Aliacha tu kula chakula chake. Mable alipika, akamwekea, akafunika, na asubuhi akakuta sahani kama alivyoiacha. Kwa wiki tatu alivumilia hivyo. Kisha akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake huko Mofwe, kwenye vidimbwi na matete, kusuka mikeka. Nilijiambia nitakwenda kumwona. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu.

Jumatatu ziliendelea. Mwaba hakuwa tena na mtu wa kumtania, akawa anafungua mkutano kwa sala.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata mama yake Mwaba alifariki. Mbuzi walikuja, kama inavyopasa. Wengine walikuwa vijana wasiojua hata kuanza, na kila mtu aliulizia Mable, kwa sababu bibi yule alipokuwa hai alikuwa akisema hataki kuzikwa mpaka Mable amlize Mwaba kwa kicheko. Mwaba akatuma mtu Mofwe. Mimi sikudhani kwamba Mable angekuja. Alikuja siku ileile, amekonda, na sufuria mbili kichwani.

Alifanya kazi kwa siku mbili. Alichota maji, aliwasha moto, alipika nshima ya watu mia, aliwasimamia vijana wa Mbuzi kwenye kuchimba kaburi. Hakusema neno la utani. Watu walimtazama, wakingoja. Akipita karibu na koti la Mwaba lililotundikwa ukutani, wanawake walikuwa tayari kucheka. Alipita tu. Wale Mbuzi wengine walipoona mkubwa wao amenyamaza, nao wakanyamaza. Msiba ukawa mzito namna ambayo sijawahi kuiona katika mkoa huu wa Luapula. Wafiwa walilia, wakanyamaza, wakalia tena, na hakuna aliyekuja kuwashika mkono kuwatoa humo.

Asubuhi ya maziko Mwaba alimwendea jikoni, mbele ya watu wote. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nitanie, nungwe, mtani wangu," alimwambia. "Nakuomba. Nitukane. Mama anakwenda bila kicheko."

Mable alipangusa mikono kwenye kitenge. "Mama yako nilimpenda, Ba Mwaba. Nimempikia, nimemchimbia. Kazi ya Mbuzi nimeifanya yote. Lakini kukutania siwezi tena. Nikitaka kufungua mdomo nasikia watu wa veranda."

Mwaba akalia, mwanamume mzima wa miaka hamsini, bila kujifunika uso. Mable naye alikuwa akilia. Walizika bila kicheko, na bibi mmoja mzee alisema amewazika Chui tangu ujana wake na hajawahi kuona.

Baada ya maziko nilimkuta Mable ziwani, ameinama majini, anasugua sufuria kwa mchanga. Nilipiga magoti kando yake, nguo zangu zikalowa. Nikamwambia yote kwa Kibemba: kwamba sikuwaeleza Wakongo hata siku moja, kwamba swali la ulilala wapi lilikuwa langu, kwamba siku ya halmashauri nilisema uongo mara mbili kwa sababu ya karatasi. Nililia sana. Nadhani nilitegemea atashtuka, atanipiga, nami nitapumzika.

Aliendelea kusugua. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja tulisemezana Kibemba. Nilidhani Kiswahili chake kilikuwa cha kutaja majina ya samaki na kuhesabu magunia. Siku ile alinijibu kwa Kiswahili, kile cha soko, chenye b za Kibemba mahali pa w, polepole, ili nisikose neno.

"Najua. Myaka tano niko na bale bantu, nasikiaka kila kintu. Kwa veranda nilisikia hukubaambia. Na kwa comité nilisikia ile uliuliza Zéphirin."

"Juu ya nini hukusema, Mable? Ungesema tu!"

"Nilisimama," akasema. "Uliniona nilisimama."

"Nilikuona."

"Bakacheka." Alimwaga maji machafu, akaisuuza sufuria, akaigeuza kuitazama kama imetakata. "We njo ulibafundisha."

Akapachika sufuria moja ndani ya nyingine, akajitwika, akapanda kwenda kuwapikia wafiwa chakula cha jioni.